Gogo Likilala Chini, Nani Ale Kwanza?

Mada yenyewe ni fupi: je, wingi wa aina za wadudu wanaoishi ndani ya miti iliyokufa unategemea kiasi cha nishati wanachopata? Ni swali la wanabaolojia. Hapa Kampala haliwezi kubaki mikononi mwao kwa muda mrefu, kwa sababu mji huu unapikia makaa, na mti unaokufa popote kati ya Masindi na Masaka una wateja wa aina mbili: wenye miguu sita na wenye sigiri.

Wasemaji nimewabuni, hoja zao sikuzibuni. Yupo Daktari, mama wa makamo, mtaalamu wa wadudu anayefundisha chuo kikuu. Yupo Mzee, afisa misitu mstaafu, aliyemaliza viatu vingi katika misitu ya Budongo na Mabira. Yupo Kijana, mwanafunzi wa takwimu anayeamini kuwa jambo lisilochorwa kwenye grafu halijatokea. Na yupo Mama, muuza makaa wa Kalerwe, mzaliwa wa Arua, kwao ambako Kiswahili kinasemwa sokoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Naomba nianze, maana hoja yangu ni nyepesi. Mwaka 1983 mwanaekolojia David Wright aliandika kwamba ukitaka kujua kisiwa kitabeba spishi ngapi, usitazame ukubwa wa ardhi peke yake. Tazama pia nishati inayopatikana pale. Nishati ikiwa nyingi, viumbe wanaolishwa nayo ni wengi. Wakiwa wengi, kila spishi inakuwa na idadi ya kutosha isifutwe na ukame mmoja au moto mmoja. Basi spishi nyingi zinadumu. Mdudu wa gogo ni mfano mzuri wa kupimia jambo hili, kwa kuwa chakula chake kimelala chini. Unakuja na futi kamba, unapata urefu na unene, unajua pana nishati kiasi gani. Kilo moja ya ukuni mkavu ina megajuli 18 hivi. Yaliyobaki ni hesabu.

MZEE: Yaliyobaki ni hesabu! Kijana, umewahi kukalia gogo la mti wa muhimbi?

KIJANA: Bado, Mzee.

MZEE: Endelea tu. Tutafika.

DAKTARI: Nimsaidie kwanza, kisha nimpinge. Nishati inamfikia mdudu kwa njia mbili. Moja ni chakula, yaani sukari iliyofungwa ndani ya selulosi. Nyingine ni joto. Mbawakawa hana joto lake mwenyewe kama sisi. Akipata baridi mambo yake yote yanapungua mwendo. Buu lililo ndani ya gogo la baridi linatafuna taratibu, linakua taratibu, linachelewa kutoka. Ndiyo maana wenzetu wa Ulaya wanabishana sana juu ya jua na kivuli. Katika misitu ya Bavaria kule Ujerumani, gogo la juani na gogo la kivulini hayakaliwi na mbawakawa wale wale, na utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba penye joto zaidi, uchache wa magogo unaweza kufidiwa: aina za mbawakawa hazipungui kama ungedhani. Sasa namuuliza Kijana: Mabira kuna mdudu anayelalamikia baridi?

MAMA: Labda asubuhi ya mwezi wa saba.

DAKTARI: Labda. Lakini hapa tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto ni kama nyuzi 22, na mvua ya mwaka inapita milimita 1,200. Joto lipo, maji yapo. Anayetaka kuona baridi ikimzuia mdudu apande Rwenzori. Chini kabisa, Semliki, mita 700 hivi, tawi likianguka mchwa wanalifikia upesi. Ukivuka mita 3,000 unakuta vigogo vimevaa kuvumwani, vimelowa, vimekaa. Mchwa wamebaki chini. Kwa hiyo hapa kwetu mbao ndizo zinazopungua. Joto halina neno.

KIJANA: Na takwimu zinakuunga mkono, Daktari. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha jaribio lililofanywa katika maeneo 133, nchi 20. Vipande vya msonobari vya namna moja viliwekwa kila mahali, vingine mchwa waweze kuingia, vingine wasiweze. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mchwa kumaliza mbao inapanda kwa zaidi ya mara 6.8. Bakteria na kuvu wao hawafiki hata mara mbili.

DAKTARI: Hapo hapo ndipo hoja yako inapoanza kuvuja, mwanangu. Mwaka mmoja kabla, 2021, jarida la Nature lilitoa jaribio jingine, misitu 55 katika mabara sita. Msitu wa tropiki ulipoteza karibu asilimia 28 ya uzito wa mbao zilizokufa kwa mwaka. Misitu ya kanda za wastani, kama asilimia 6. Ile ya kaskazini ya mbali, kama 3. Hebu piga hesabu ya miaka mitano.

Kijana alihitaji kalamu tu. Ukipoteza asilimia 28 kila mwaka, baada ya miaka mitano umebakiwa na chini ya moja ya tano. Ukipoteza asilimia 3, baada ya miaka ile ile bado unazo zaidi ya nne ya tano.

MZEE: Walipima gogo au fimbo?

DAKTARI: Swali zuri, Mzee. Vipande vingi vilikuwa vyembamba, unene wa sentimita 3 hivi. Gogo nene linachelewa zaidi, na muhimbi wako ni mgumu kama reli. Lakini mwelekeo ni ule ule. Msitu wa Finland una mtaji uliokaa ghalani. Msitu wa Mabira mtaji wake unazunguka: mti unakufa, unaliwa, unaisha, mwingine lazima ufe. Ukimpima Mabira kwa magogo unayoyakuta chini leo, utasema ni maskini, kumbe mwaka mzima amelisha mamilioni. Cha kupima ni mbao zinazoanguka kila mwaka na zikaachwa pale pale zilipoangukia. Mdudu wa hapa hawezi kungoja. Mabuu yakitoka leo yakiwa mbawakawa wazima, wanahitaji gogo jipya karibu, msimu huu huu. Ukikatiza mfululizo huo kwa miaka michache, gogo utakaloliacha baadaye litakuwa halina wa kulihamia.

Ningependa msomaji alishike hilo, kwa sababu mjadala uliobaki wote unalizunguka. Nimesoma makala nyingi za uhifadhi zinazohesabu miti iliyosimama. Iliyolala haina mtetezi. Hata neno tunalolitumia, kuni, tayari limeshaipangia kazi.

MAMA: Sasa nami niseme. Mnazungumza kama vile gogo lina mdudu peke yake. Tazameni hiki.

Mama alitoa kipande cha kaa chenye ukubwa wa ngumi, akakigonga ukingoni mwa meza. Kilipasuka kwa sauti kavu, kama kigae, na upande wa ndani palionekana vijia vyembamba, vingine vimenyooka, vingine vimejikunja na kukutana, kuta zake laini, zinang'aa weusi. Kimoja kilikuwa bado kimejaa unga ulioshindiliwa, nao umegeuka kaa.

MAMA: Nimeuza makaa miaka mingi, na haya nayaona kila wiki. Nani alikuwa humu?

DAKTARI: Mabuu ya mbawakawa, Mama. Wa namna gani siwezi kuapa, ila njia pana hivi ni kazi ya buu nono. Mti huu ulikuwa umekufa, au unakufa, kabla mchomaji hajaufikia. Tanuri halifuti vijia, linavihifadhi. Wanaakiolojia wanavisoma kwenye makaa ya kale ili wajue kama watu walichoma mbao mbichi au zilizooza.

MAMA: Basi niliuza nyumba ya mtu.

KIJANA: Na uliuza robo tu ya chakula chake. Ngoja nihesabu. Kilo 100 za mbao kavu ni megajuli 1,800. Tanuri la udongo linatoa kilo 10 hadi 20 za makaa, tuseme 15. Kilo moja ya makaa ina megajuli 30 hivi, kwa hiyo umebakiwa na 450. Robo tatu imeondoka na moshi huko porini. Kisha sigiri ya kawaida haipeleki chunguni hata sehemu moja ya tano ya kile kilichomo kwenye kaa. Kwa megajuli 1,800 zilizokuwa ndani ya gogo, matoke yanapata kama 80.

MAMA: Wewe mwanangu una hesabu nzuri, lakini matoke hayaivi kwa hesabu. Yanafunikwa kwa majani ya migomba, yanawekwa motoni, yanaachwa yajipike polepole saa nyingi. Nani ataacha umeme unawaka saa nyingi nyumbani kwa mpangaji wa Bwaise?

MZEE: Nami nimtetee Mama, kwa sababu lawama hupenda kumwangukia mwanamke mwenye mzigo kichwani. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inamruhusu mwananchi anayeishi jirani na hifadhi kuokota kuni kavu kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani, bila ada. Mimi nimewaruhusu wengi. Wanachukua nini? Matawi. Kitu cha kubebeka kichwani. Gogo la mita moja unene hakuna mama anayeligusa, shoka lake haliliwezi. Anayelitaka gogo nene ni mwenye msumeno wa mashine na lori. Na kwa maneno ya Daktari, nadhani gogo nene ndilo lenye mambo.

DAKTARI: Ndilo. Tawi linakauka upesi na kwisha upesi. Gogo nene lina vyumba. Mti ukifa leo, wanaotangulia ni wale wanaokula chini ya gome, kwenye lile tabaka lenye sukari: mbawakawa wa magome, mbawakawa wenye papasi ndefu, na wale wa kijani wanaometa. Gome likibambuka, wanakuja wa ndani, wanaokula mbao pamoja na kuvu waliomo. Mwisho kabisa, gogo likiwa laini kiasi cha kulivunja kwa mkono, yanaingia mabuu meupe manene yaliyojikunja kama herufi C. Juu yao wapo wanaowinda, na nyigu wanaotaga mayai ndani ya mabuu ya wenzao. Kila hatua ina wenyewe. Ukipima kwa megajuli, hatua ya kwanza inashinda. Ukipima kwa aina za wadudu, huwezi kuifuta hata hatua moja.

MZEE: Kwa hiyo Kijana kashindwa?

DAKTARI: Hajashindwa, kafika nusu ya njia. Nishati inaweka dari. Chini ya dari hiyo, aina ya mbao, unene, unyevu na umri wa kuoza ndivyo vinavyogawa vyumba. Na kuna jambo jingine linalomsumbua zaidi. Mbao zimejaa nishati, ila hazina nitrojeni: mara nyingi haifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito. Buu linakaa katikati ya wanga na bado lina njaa ya protini. Hali kadhalika chumvi. Gorila wa Bwindi wanabambua mbao zilizooza na kuzitafuna. Watafiti walipima, ikaonekana kwamba chakula hicho kisichofika asilimia 4 ya mlo wao ndicho kinachowapa zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu.  Sasa hapo utasema mnyama anafuata nishati?

KIJANA: Nitasema nishati ni lazima lakini haitoshi.

DAKTARI: Ukiandika hivyo kwenye mtihani nitakupa alama.

Mzee akataka kurudi kwenye historia, na haki anayo, kwa kuwa Uganda ilishafanya jaribio kubwa la kuongeza mbao zilizokufa bila kukusudia. Budongo, kuanzia miaka ya 1950, maafisa misitu walitaka mkangazi na wenzake wa mbao nyekundu wenye soko. Muhimbi na miti mingine waliyoiona haina faida ilipakwa sumu ya kuua miti, ikichanganywa na dizeli. Kibale nako sehemu fulani zilitiwa sumu mwishoni mwa miaka ya 1960.

MZEE: Walionitangulia waliniambia ungeweza kusimama mahali ukaona miti mikavu imesimama kama nguzo za simu. Nguzo na nguzo. Wenyewe walihesabu miche ya mkangazi. Kwa mdudu wa gogo ilikuwa karamu, halafu karamu ikaisha, kwa sababu miti yote iliuawa kwa pamoja na ikaoza kwa pamoja. Ndiyo maana sikubali ile hoja ya zaidi ni bora. Na Budongo hiyo hiyo ina ushuhuda mwingine. Mtafiti Eggeling aliandika 1947 kwamba miti ya aina nyingi iko kwenye msitu uliofika katikati ya safari yake. Ukizeeka kabisa, muhimbi unatawala na aina zinapungua. Mwanaekolojia Joseph Connell alitumia takwimu hizo 1978 alipojenga nadharia yake kwamba usumbufu wa wastani ndio unaoleta aina nyingi. Msitu unaweza kuwa na nishati tele ikaishia kwa mmoja.

DAKTARI: Hilo la mmoja kula vyote lina jina huku kwetu: mchwa.

MAMA: Mchwa tunawala nasi.

DAKTARI: Na ndiyo sababu mchwa wanastahili heshima kwenye mjadala huu. Wale wakubwa wa vichuguu hawamalizi mbao kwa matumbo yao peke yao. Wanazibeba nyumbani na kulimia kuvu. Mvua zikianza, kuvu hao hutoa uyoga, ule mdogo mdogo Waganda wanaouita obutiko, na kumbikumbi wanaruka, wale wanaoitwa enswa. Nishati ya tawi lililoanguka Mpigi inafika kwenye sahani ya Nakasero ikiwa imekaangwa. Lakini penye mchwa wengi mno, mbawakawa anaweza kukuta gogo limebaki ganda. Kadiri joto linavyopanda, kwa takwimu zile za Kijana, fungu la mchwa linakua. Kwa hiyo nishati ya joto inaweza kumnyang'anya mbawakawa nishati ya chakula. Hapa ndipo ninapoona nadharia inahitaji kushonwa upya kwa ajili ya tropiki.

Nakiri hoja hii ilinipendeza kuliko zote za siku ile. Tumezoea kusoma kwamba joto linaongeza aina za viumbe, na vitabu vimeandikwa na watu waliokuwa wanaona baridi. Penye joto la kutosha tayari, joto jingine linamnufaisha aliye hodari wa kula haraka.

MAMA: Lakini Daktari, mbona mnawasifu tu? Ndugu zangu wa Masaka wamepoteza kahawa kwa mdudu wa mti.

DAKTARI: Wamepoteza kweli, sibishi. Huyo ni Xylosandrus compactus, hafiki hata milimita 2. Hapa Uganda alionekana Bundibugyo 1993, kisha akasambaa kwenye Robusta. Ukoo wake wamezoea mbao zilizokufa au dhaifu. Yeye ameruka hatua, anatoboa kijiti kibichi, anapanda kuvu wake ndani, mabuu yanakula kuvu na kijiti kinanyauka. Tena anaupenda musizi, mti ambao wakulima wengi wanauweka shambani kwa ajili ya kivuli. Na dumuzi wa mahindi je? Aliingia Tabora kutoka Amerika, akatambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jamaa zake ni watoboa mbao, naye bado anaweza kuishi kwenye matawi makavu porini. Alipokuta ghala la mahindi alikuta nishati ileile imekobolewa tayari.

MZEE: Unaona? Mimi nimesikia wanakijiji wakisema: ukiacha magogo msituni unafuga wadudu.

DAKTARI: Ukiacha magogo msituni unafuga pia wanaowala wadudu. Hao wawili ni wageni waliokuja bila maadui wao. Gogo la Mabira halikuwaleta. Nitawapa mfano wa maadui. Kule Kibale, mradi wa Chuo Kikuu cha Turku cha Finland pamoja na wenzao uliweka mitego ya mahema mwaka 2014 na 2015. Walikuwa wanatafuta, pamoja na wengine, nyigu wa kundi liitwalo Rhyssinae. Jike ana mkia mrefu mwembamba kama unywele wa farasi. Anautumbukiza ndani ya mbao hadi alipo buu, bila kuliona, na kutaga. Kabla ya hapo, Afrika yote ya tropiki ilikuwa imetoa vielelezo 30 tu vya kundi hilo. Kibale peke yake ikatoa 456, spishi sita, mbili kati ya hizo mpya kabisa kwa sayansi. Mojawapo iliitwa Epirhyssa quagga kwa ajili ya michirizi yake ya pundamilia. Zilitangazwa 2019.

KIJANA: Na huyo ndiye kipimo changu! Samahani, Daktari, kukukatiza. Nishati inapungua kila ngazi. Mti unalisha mabuu, mabuu yanalisha nyigu. Nyigu yuko juu, kwa hiyo mbao zikipungua yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Palipo na nyigu wa namna hiyo, gogo halijakatizwa.

DAKTARI: Hiyo ni hoja nzuri kuliko ile uliyoanza nayo.

Mzee aliongeza la Ziika, msitu mdogo karibu na Entebbe, ambako mwaka 1947 virusi vya Zika vilipatikana kwa mara ya kwanza na ambako mnara wa chuma wa mita 36 ulisimamishwa 1960 ili watafiti wakamate mbu juu ya miti. Mbu wa pale, Aedes africanus, anazalia kwenye mashimo ya miti yaliyojaa maji na majani yaliyooza. Alitaka kutukumbusha kwamba mti unaooza haulishi viumbe wapendwa tu. Hakuna aliyembishia.

Kisha mambo yakageuka kuwa siasa, kama yanavyogeuka Kampala penye watu zaidi ya wawili.

KIJANA: Kuna amri. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Miti ya shea ilikuwa inakwisha.

MAMA: Amri niliiona. Makaa nayo niliyaona, yalipanda bei, yakaendelea kuja usiku. Mnunuzi wangu wa Kalerwe hakuambiwa apikie nini. Amri imetolewa kwa mchomaji, njaa iko kwa mpikaji.

MZEE: Tulishaona nguvu ya watu wa mji huu wakitaka. Aprili 2007, serikali iliposema itatoa hekta kama 7,100 za Mabira kwa shamba la miwa, Kampala iliingia barabarani. Watu walikufa. Mabira ina umri mrefu kuliko sisi sote hapa, imetengwa tangu enzi za ukoloni, kilomita za mraba 306. Mti uliosimama una watu wa kuufia. Gogo je?

MAMA: Mzee, mimi nilikuwa mmoja wa waliogoma kununua sukari. Na jioni ile nilipikia makaa.

DAKTARI: Hapo Mama amesema yote. Bwawa la Karuma lilizinduliwa Septemba 2024, megawati 600. Tangu Owen Falls ya 1954 hatujawahi kuwa na umeme mwingi kama leo. Kinachokosekana ni umeme ambao mpangaji wa Bwaise anaweza kuununua kwa mafungu madogo, kama anavyonunua makaa kwa kopo. Umpe huyo jiko la presha la umeme na bei inayoshuka, maharage yake hayatahitaji gogo la Nakasongola. Na gogo la Nakasongola litabaki na wenyewe.

KIJANA: Kwa hiyo bei ya umeme wa Kampala ni kigezo kwenye grafu yangu ya mbawakawa?

DAKTARI: Weka. Tena kiweke mstari wa kwanza.

Nitoe uamuzi wangu, kwa kuwa mwenyekiti asiyetoa uamuzi amewapotezea watu jioni. Kwenye nadharia nampa Kijana ushindi wa nusu: nishati ndiyo inayoweka dari ya aina za wadudu wa magogo, hata hapa. Nampinga katika kipimo. Katika nchi ya joto na mvua kama hii, futi kamba ya siku moja inadanganya. Tupime mbao zinazoachwa kila mwaka, na tuzipime kwa unene. Mzee nampa ushindi juu ya sheria: kuni za kichwani ziruhusiwe kama zilivyoruhusiwa 2003, na magogo manene yasiruhusiwe kutoka hifadhini kwa kisingizio kwamba "yameshakufa". Marufuku ya makaa bila nishati mbadala jikoni, kwa maoni yangu, ni kumhamisha mchomaji kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Kwa msomaji mwenye shamba Mukono, Wakiso au Mpigi: mfenesi au musizi wako ukianguka, chukua matawi upikie, uza mbao kama zipo. Kipande cha chini, kile kinene cha shinani, kisukume pembeni, mbali na nyumba na mbali na kahawa, ukiache kilale juu ya udongo. Usikichome moto na usikipake dawa. Mwakani ukianguka mwingine, uache tena.